Roketi Zilirushwa Ngomeni, Mbona Bando Zangu Zinaisha Kabla Jioni?

Toka Malindi mjini, shika barabara ya kuenda Garsen, pita Mambrui, pita Gongoni na mashamba yake ya chumvi, halafu kata kulia kuelekea baharini. Utafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Angalia majini siku iko wazi, utaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu yake. Hapo hawachimbi mafuta, msee. Hapo ndipo roketi zilikuwa zinarushwa kuenda angani.

Hizi si stori za jaba. Waitaliano walijenga kituo cha San Marco miaka ya 60, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha setilaiti yao ya San Marco 2 kutoka hapo. Halafu 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, ikapaa ile kubwa kabisa: setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei kutoka kwa nyota. Injinia wa NASA aliyesimamia mradi huo, Marjorie Townsend, akaipa jina Uhuru. Wanafunzi wa fizikia huko ng'ambo wanalijua hilo neno letu kwa sababu ya kitu kilichotoka Ngomeni.

Kwa nini Ngomeni na si Roma? Dunia inazunguka, na pale ikweta ndipo inakimbia zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa. Ukirusha roketi kuelekea mashariki karibu na ikweta, unapata huo mwendo bure, mafuta unapunguza. Sisi tuko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, na mashariki yetu ni Bahari Hindi tupu, kwa hivyo kipande kikianguka hakimwangukii mtu. Hiyo ni mali, bana, kama vile mwingine ana shamba la korosho.

Roketi ya mwisho kurushwa hapo ilikuwa 1988. Kituo bado kipo, siku hizi kinaitwa Luigi Broglio, na sahani zake kubwa zinafuatilia setilaiti zikipita. Sasa sikia hii. Aprili 2023 Kenya ikatuma angani setilaiti yake ya kuchunguza ardhi, Taifa-1. Ilirushiwa wapi? California, Marekani. Manze, nilipoona hiyo habari nilicheka, halafu nikanyamaza.

Nimeanza na Ngomeni kwa sababu kila nikisoma kuhusu teknolojia, naambiwa "inakuja" Afrika, kama basi la usiku limechelewa. Kwetu ilifika kabla mathe hajazaliwa. Shida iko kwa ile hatua ya mwisho, kutoka kwa huo mtambo hadi kwa mkono wako.

Intaneti inakufikiaje hapo Muyeye?

Watu wengi wanadhani intaneti inatoka juu. Kubwa yake inatoka chini ya bahari. Mwaka 2009 nyaya mbili zilifika Mombasa: TEAMS, iliyovutwa kutoka Fujairah kule Emirates, na SEACOM. Ndani ya waya kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na data inapita humo kama mwanga unaowaka na kuzima haraka ajabu. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa inaombaomba setilaiti, na kama uliwahi kungoja picha moja ifunguke kwa saiba ukiwa umelipia dakika kumi, unajua uchungu wake.

Kutoka Mombasa faiba inafuata barabara kuu: Mtwapa, Kilifi, Malindi. Hapo sasa minara inachukua kazi. Na mnara ni biashara. Kampuni inahesabu vichwa vilivyo karibu na pesa walizo nazo kabla ya kujenga. Ndio maana Casuarina unapiga simu ya video bila kusita, halafu ukienda ndani kule Ganze ama Bamba unapanda kichuguu ukitafuta mtandao. Serikali ina mfuko wa huduma kwa wote, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, wa kulipia minara pale ambapo kampuni haioni faida. Unasaidia, lakini polepole.

Na waya ukikatika? Mnakumbuka 12 Mei 2024. Ilikuwa Jumapili, tena siku ya kina mama, kila mtu anataka kupost picha ya mathe. Nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika huko Afrika Kusini, na intaneti ikalegea huku kote, Tanzania wakaumia zaidi. Kitu kimekatika karibu na Durban na wewe uko Maweni unazima na kuwasha simu ukidhani ni yako imeharibika.

Ukitaka kujua kwa nini M-Pesa kwa kabambe haihitaji bando, ni kwa sababu inapitia njia ileile ya simu za kawaida. Hiyo ndiyo akili ya mwaka 2007 ilipoanza: hawakungoja watu wanunue simu kali, walitumia ile simu mtu alikuwa nayo tayari. Ingawa hata hapo kuna kichekesho. Hadi 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Yaani ukimtumia shangazi soo mbili pale Marafa na wewe uko Malindi, hesabu ilikuwa inafanyiwa Ulaya kwanza.

Angani tena

Julai 2023 Starlink wakaingia Kenya. Tofauti yao na setilaiti za zamani ni umbali. Zile za zamani zinakaa kama kilomita 36,000 juu, kwa hivyo swali lako kupanda, kushuka, na jibu kurudi ni karibu nusu sekunde. Za Starlink ziko kama kilomita 550, ila kwa kuwa ziko chini na zinakimbia, lazima ziwe maelfu. Hazijali kama uko Bamba ama katikati ya bahari, zinataka tu sahani ione mbingu.

Poa sana, lakini walipoanza, mtambo ulikuwa unauzwa karibu 89,000. Bei imeshuka baadaye, na hata kukodisha kunawezekana, ila bado unahitaji stima. Na hapo kwa stima pia kuna stori kama ya Ngomeni: kule Langobaya kuna shamba kubwa la sola lililoanza kazi mwishoni mwa 2021, linatoa megawati 40 kuingia gridi ya taifa. Gridi ya taifa ni ya taifa. Kuishi karibu na hizo paneli hakukuwashii taa.

Mimi hili linanigusa kwa tumbo. Niliacha koleji mwaka wa pili, karo ilikataa. Nikaanza kuandika maneno ya rekodi za mahojiano kwa mteja wa ng'ambo, kazi ya laptopu na masikio tu. Siku moja faili ilibaki asilimia tisini ikipanda, mtandao ukalala. Nikakimbia kwa beshte yangu, kwake stima hakuna. Nilipotuma ilikuwa asubuhi. Mteja hakutukana, alikaa kimya tu, na hakunipa kazi tena. Sasa niambie, hapo nilikosa bidii ama nilikosa saa tatu za mtandao?

Kwa hivyo ukiniuliza teknolojia itabadilisha nini huku, sitakuambia roboti. Mvuvi wa Ngomeni akiona upepo wa kesho kwa simu kabla hajatoa mashua, kusi ikiwa kali, anarudi nyumbani. Akijua bei ya nguru Malindi kabla dalali hajafika, anabishana akiwa na kitu mkononi. Msichana wa Ganze anafanya kazi kama ile yangu bila kuhamia keja ya Mombasa. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji kitu kipya kuvumbuliwa. Vinahitaji mtandao usiolala na bei inayoingia mfukoni.

Na kuna njia moja ambayo vijana wengi huku hawaijui. Ukinunua laini moja ukaanza kuwauzia majirani bila kibali, uko upande mbaya wa sheria. Lakini tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina utaratibu wa mitandao ya jamii: kikundi kinasajiliwa, kinapata leseni, kinanunua intaneti ya jumla na kuisambaza mtaani kwa antena za kawaida. Kibera wanayo, TunapandaNET, na shule ni kati ya walizounganisha. Chama cha watu ishirini pale Gongoni kinaweza kukaa chini kikapiga hesabu: mtambo mmoja, paneli mbili za sola, betri, na mtu mmoja anayejua kupanda juu ya paa. Nimeanza kuulizia mbogi yangu. Wanne wamekubali, mmoja anataka kwanza ajue kama ataweza kuangalia mpira.