Nyangumi Nyakarenzo? Kufundisha matini ya safari mbali na bahari

Walimu wengi wa Kiswahili wamekutana na matini ya aina hii: mke na mume wanasafiri kwa gari, siku ya kwanza wanatazama mchezo, ya pili wanaonja mvinyo, ya tatu wanapanda mashua kutazama nyangumi. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuifundisha mahali kama Nyakarenzo, wilayani Rusizi (zamani Cyangugu), kusini-magharibi mwa Rwanda, mbali kabisa na bahari.

Kwanza, safari yenyewe. Tunapendekeza ihamishwe. Wenzi hao watoke Kigali, wapite Huye, wavuke msitu wa Nyungwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023, kisha washuke Rusizi. Ni zaidi ya kilomita 200, na msamiati hujitokeza wenyewe: mwinuko, mteremko, kona, ukungu, utelezi.

Pili, mchezo. Mbio za baiskeli za Tour du Rwanda zimewahi kufika Rusizi, na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mwanafunzi asimulie mbio kama alivyoziona kando ya barabara. Hapo viambishi -li-, -ki- na -ka- hupata kazi: “Walipofika kilimani, mmoja akachomoka, wengine wakimfuata.”

Tatu, mvinyo. Hapa ndipo penye jambo zito. Mwanafunzi wa Rusizi huenda akaandika “divai”, kwa kuwa Kinyarwanda husema divayi. Neno hilo limetokana na Kifaransa, du vin. “Mvinyo” limetokana na Kireno, vinho. Yote mawili ni ya kukopa, na yote mawili ni Kiswahili. Mwalimu anayelikata “divai” kwa kalamu nyekundu amekata neno halali. Kinywaji cha kwao ni urwagwa, pombe ya ndizi, ambayo upande wa Kongo huitwa kasiksi. Wanafunzi waeleze inavyotengenezwa: ndizi huivishwa, hukamuliwa, kisha maji yake huchanganywa na unga wa mtama ili yachachuke. Kuonja tuwaachie watu wazima. Darasani umutobe, yaani maji ya ndizi yasiyochachuka, unatosha.

Suala hili si la neno moja. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Bukavu, na Kiswahili cha huko huvuka mpaka pamoja na bidhaa. Mtoto anayesema “batu” na “mutoto” hasemi ovyo: ba- yake inafuata kanuni, kama ilivyo katika abantu ya Kinyarwanda. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na mtihani unadai Kiswahili sanifu. Basi tusiandike ubaoni “kosa” na “sahihi”. Tuandike “sokoni” na “katika mtihani”. Akichekwa kwa lugha anayoijua, atanyamaza, na mwalimu atakuwa amempoteza msemaji aliyekuwa naye tayari.

Nne, nyangumi. Ziwa Kivu halina nyangumi, na mwalimu asidanganye. Aeleze kwamba nyangumi wenye nundu hutoka bahari baridi za kusini na kufika pwani ya Kenya, kwa mfano Watamu, takriban Julai hadi Oktoba, kuzaa na kulea. Si samaki: hupumua hewa na kunyonyesha. Kisarufi, umbo la neno halibadiliki katika wingi, lakini upatanisho ni wa viumbe hai: nyangumi anapumua, nyangumi wanapumua. Ndivyo ilivyo pia kwa sokwe, na sokwe mtu wapo karibu, katika msitu wa Cyamudongo. Kuwatazama kunafanana: watu hunyamaza, husubiri, na pengine hurudi bila kuona kitu. Mwanafunzi aandike kuhusu kusubiri huko, kisha afungue kitabu asome kuhusu bahari.

Tukifanya hivyo, matini ya wageni itasomwa na mtu mwenye safari yake ya kuieleza. Walimu waliojaribu njia nyingine, tunawakaribisha watuandikie.