Misingi na Aina za Madhara katika Sheria ya Marekani

Sheria ya madhara nchini Marekani imejengwa zaidi na mahakama za majimbo, na lengo lake kuu ni kumfidia aliyedhurika. Madhara hayo hugawanywa katika makundi matatu: ya kukusudia, kama vile shambulio, ya uzembe, na yale ambayo dhima yake haitegemei kuthibitishwa kwa kosa, kama yatokanayo na bidhaa zenye kasoro.

Katika uzembe, mdai hana budi kuthibitisha wajibu wa uangalifu, ukiukwaji wake, uhusiano wa kisababishi, na hasara. Ugumu hujitokeza kwenye mipaka ya wajibu. Katika shauri la Palsgraf (1928), wafanyakazi wa reli walimsukuma abiria apande treni. Kifurushi chake kikaanguka na kulipuka, na mizani ikamwangukia mwanamke aliyekuwa mbali jukwaani. Jaji Cardozo, akiwakilisha majaji wanne dhidi ya watatu, alishikilia kuwa hapakuwa na wajibu kwake, kwani hatari hiyo haikutarajiwa. Jaji Andrews alipinga: wajibu ni kwa wote, na mpaka uwekwe kwenye kisababishi. Kwa hiyo, asiye na kosa alibaki bila fidia.