Herufi S Iliyopotea

Majira ya joto ya mwaka 2007, mwandishi wa hadithi wa Uingereza, Terry Pratchett, aligundua kwamba kibodi yake haina S. Herufi nyingine zote alikuwa akiziona. Akamwita msaidizi wake, Rob Wilkins, amuulize nani kaichukua. Rob akaja, akatazama. S ilikuwa palepale ilipo siku zote, katikati ya A na D.

Msidhani alikuwa akitania, ingawa utani ndio uliokuwa ukimlisha. Huyu ndiye aliyebuni dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne, nao tembo wamesimama juu ya kasa mkubwa anayeogelea angani. Kuhusu dunia hiyo alikuwa ameshaandika vitabu zaidi ya 30, watoto na wakubwa wakivigombania madukani. Mtu aliyeandika kiasi hicho vidole vyake huijua kibodi hata gizani. Sasa, mchana kweupe, herufi iko mbele ya macho yake na haioni.

Madaktari kwanza walidhani amepata kiharusi kidogo. Desemba mwaka huohuo jibu lenyewe likatoka: ni ugonjwa wa Alzheimer, tena wa aina adimu, ule unaoanzia nyuma ya ubongo. Alikuwa na miaka 59.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana wengi wetu tumekua tukiamini kwamba tunaona kwa macho peke yake. Jicho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za umeme. Ishara hizo husafiri katika neva mpaka nyuma kabisa ya ubongo, kwenye kisogo, na huko ndiko zinakopata maana: huu mlango, hii ngazi, hii S. Jicho ni tarishi anayeleta barua. Anayeisoma ni ubongo. Tarishi wa Pratchett alikuwa mzima na barua zilifika kila siku, ila msomaji ndiye aliyeanza kuishiwa nguvu. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa aina hii huanzia kwa mtu wa miwani. Hubadilishiwa lenzi mara moja, mara mbili, na bado hawakioni kikombe kilicho mezani, au wanavaa mkono mmoja wa shati kisha wasijue mkono wa pili uko wapi.

Ugonjwa wenyewe una jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, aliletewa mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akisahau mambo na kuchanganyikiwa. Mgonjwa alipofariki mwaka 1906, daktari aliweka vipande vya ubongo wake chini ya hadubini, akaona vitu viwili: madonge kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo tunajua madonge yale ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini nyingine iitwayo tau. Zote mbili huwamo ndani ya kila mmoja wetu bila kutudhuru. Kwa nini kwa baadhi ya watu hugeuka na kurundikana, ndilo swali linalotafutiwa jibu mpaka leo.

Tangu siku ya hadubini ile mpaka siku S ilipopotea ni miaka 100 na ushei, na tiba ya kuuponya ugonjwa haikuwapo. Pratchett alitaka kujua sababu. Moja ni kwamba ubongo ni mgumu kuuchunguza, kwani huwezi kukata kipande chake kwa mtu aliye hai kila unapotaka. Sababu ya pili ndiyo iliyomshtua. Aligundua kwamba fedha za utafiti wa Alzheimer zilikuwa asilimia 3 tu ya zile zilizotengwa kutafuta tiba ya saratani. Asiyetafuta hapati, na hapa watafutaji walikuwa hawana nauli.

Machi 2008 alisimama mbele ya watafiti mjini Bristol akatangaza kwamba anatoa dola milioni 1 za Kimarekani, karibu nusu milioni ya pauni. Fedha zilikwenda kwa Alzheimer's Research Trust, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1992, ambalo siku hizi huitwa Alzheimer's Research UK. Wasomaji wake hawakukaa kitako. Walianzisha mchango wao wenyewe wakitaka, kidogo kidogo, kufikisha kiasi kilekile alichotoa yeye. Novemba mwaka huohuo akaonana na Waziri Mkuu, Gordon Brown, kumwomba serikali nayo iongeze fedha za utafiti.

Mtaniuliza, fedha hizo hufanya nini hasa? Kuna mtafiti kijana ana wazo, lakini hana ushahidi wa kutosha kuwashawishi wenye fedha nyingi. Huandika ombi kwa shirika la hisani: swali langu ni hili, nitalichunguza kwa njia hii, nahitaji miaka fulani na fedha kiasi fulani. Ombi hupewa wanasayansi wengine walisome, nao hulisoma kwa jicho kali wakitafuta penye kasoro. Mengi hukataliwa. Likipita, fedha hulipa mshahara wake, kemikali, na majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ambamo vimehifadhiwa vipande vya ubongo wa watu walioacha wosia kwamba wakifa ubongo wao upewe sayansi. Mara nyingi jibu la mwisho huwa “hapana, sivyo”. Jibu hilo nalo lina thamani, kwa sababu watakaofuata hawatapoteza miaka yao mahali pale.

Kuna filamu ya BBC ya mwaka 2009 ambamo Pratchett mwenyewe anaonekana akijaribu kofia maalumu inayomulika kichwa kwa miale. Daktari aliyeitengeneza aliamini itasaidia. Ukiwa mgonjwa utajaribu chochote, na mimi simlaumu. Lakini mtu mmoja akivaa kofia kisha akajisikia nafuu, tumejua nini? Labda ni kofia. Labda ni siku njema, au ni matumaini tu. Ili kujua, unahitaji mamia ya watu, nusu wavae kofia ya kweli na nusu ya bandia, wasijue nani kavaa ipi, na anayewapima naye asijue. Kisha usubiri miezi na miezi. Subira hiyo hugharimu fedha, na ndiyo inayotenganisha dawa na uvumi.

Marekani nako kuna shirika liitwalo BrightFocus Foundation, lenye desturi ninayoipenda: linafadhili utafiti wa Alzheimer, wa presha ya macho, na wa ugonjwa unaoharibu sehemu ya kati ya retina kwa wazee. Kwa nini ubongo na macho viwekwe kapu moja? Kwa sababu retina ni sehemu ya ubongo iliyojitokeza mpaka ndani ya jicho. Presha ya macho huua seli za neva. Na katika uchafu unaojikusanya chini ya retina ya wazee wenye ugonjwa ule wa tatu, wanasayansi wamekuta amiloidi ileile ya kwenye ubongo. Anayeuliza swali kuhusu jicho huenda akapata jibu la kisogoni.

Sasa niwaambie kwa nini habari ya Mwingereza huyu nimeona niwaletee ninyi. Mwaka 2003, miaka minne kabla ya S kupotea, Pratchett alitoa kitabu cha vijana kiitwacho The Wee Free Men. Humo kuna msichana wa miaka 9, Tiffany Aching, anayeishi nchi ya wafuga kondoo. Mtoto wa mtawala ametoweka. Wanakijiji wanamtazama bibi kizee mmoja, Bi Snapperly, asiye na meno, anayeongea peke yake na kufuga paka, wanasema huyu ni mchawi, ndiye aliyemla mtoto. Wanamfukuza nyumbani kwake. Baridi ikamuua nje, kwenye theluji. Mtoto, kumbe, alikuwa hai. Tiffany anaamua kwamba yeye mwenyewe atakuwa mchawi, ili jambo kama lile lisitokee tena.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya, maana habari hiyo kwetu si ya kubuni. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka mingi wa kuni na vinyesi vya ng'ombe jikoni. Pwani ya Kenya, huko Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za aina hiyohiyo. Mzee anayeongea peke yake, anayepotea njia ya nyumbani aliyoipita maisha yake yote, anayemwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, huenda ni mgonjwa. Ubongo wake umeshambuliwa na kitu ambacho Alois Alzheimer alikiona kwa hadubini zaidi ya karne moja iliyopita. Pasipo maelezo, watu hujitungia, na wanachojitungia kwa hofu kinaweza kumtoa mtu roho.

Pratchett hakuacha kuandika. Vidole viliposhindwa, alimtamkia Rob maneno naye akayaandika, na kompyuta ikafundishwa kuisikia sauti yake. Vitabu vikaendelea kutoka. Alifariki tarehe 12 Machi 2015, akiwa na miaka 66, na kitabu chake cha mwisho, The Shepherd's Crown, kikatoka mwaka huohuo. Kinamhusu Tiffany, aliyekwisha kukua, akizunguka nyumba hadi nyumba kuwahudumia wazee.

Miaka saba baadaye, mwaka 2022, yalitangazwa matokeo ya jaribio la dawa iitwayo lekanemabu, lililohusisha karibu watu 1,800 walio katika hatua za mwanzo za ugonjwa. Dawa hiyo husafisha amiloidi kwenye ubongo. Haiponyi. Katika miezi 18 ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27, na baadhi ya wagonjwa walivimba ubongo au kuvuja damu kidogo ndani yake. Katika jaribio hilo ilitolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, na bei yake ni kubwa mno. Mimi siiti ushindi. Lakini kabla yake karibu kila tulichokuwa nacho kilituliza dalili tu, wakati ugonjwa wenyewe ukiendelea kwa mwendo wake.

Kinachonipa hamu zaidi ni kitu kidogo kuliko dawa hiyo. Mpaka juzi, kuuthibitisha ugonjwa wa Alzheimer kwa mtu aliye hai kulihitaji mashine kubwa ya kupiga picha ya ubongo, au sindano ya uti wa mgongo kutoa maji yake. Sasa wanasayansi wamejifunza kuipima tau kwenye damu. Uingereza, Alzheimer's Research UK pamoja na shirika lingine la hisani, Alzheimer's Society, wanafadhili majaribio ya vipimo hivyo katika kliniki za kawaida, kwa watu wa kila hali, na sehemu ya fedha hizo imetoka kwa watu wanaocheza bahati nasibu ya hisani. Mashine ile kubwa hospitali zetu nyingi za wilaya hazina, na hazitakuwa nayo hivi karibuni. Kutoa damu mkononi na kuitia kwenye kichupa, kila muuguzi anajua.