Mbao za mnazi: ipi ya kenchi, ipi si ya kuamini?

Kuanzia Kaole na Mlingotini hadi Saadani, minazi mingi ni mizee. Mnazi mrefu wa kienyeji ukipita miaka 60 hivi huanza kupunguza nazi. Mingine huuawa na ugonjwa wa kunyong'onyea: nazi changa hudondoka, makuti hugeuka njano, mwisho kilele huanguka likabaki shina tu. Mnunuzi anapokuja na chensoo, humwambia mkulima kwamba shina hilo ni kuni. Si kweli. Lakini si kweli pia kwamba shina lote ni mbao.

Mnazi haufanani na mvule au mninga. Kwenye miti hiyo, mbao ngumu iko kwenye kiini. Kwenye mnazi ni kinyume: sehemu ngumu iko pembeni, karibu na gome, na katikati ni laini. Ugumu hupungua pia kadiri unavyopanda juu. Meta moja ya ujazo ya mbao kavu ya pembeni inaweza kuzidi kilo 600, wakati ya katikati huwa chini ya kilo 400.

Utaijuaje? Tazama pale ilipokatwa. Utaona vitone vya kahawia. Vikiwa vimesongamana, mbao ni ngumu. Vikiwa vimeachana, na ukucha unazama, ni laini.

Mbao ngumu ya sehemu ya chini ya shina inafaa kwa kenchi, nguzo za ndani, sakafu na samani. Kwa kuwa mnazi hauna matawi, mbao zake hazina vifundo. Ya ugumu wa kati inafaa kwa papi na fremu zisizobeba uzito. Ya katikati usiiweke darini: itapinda, na paa litaifuata.

Mambo manne ya kukumbuka:

Kwanza, mbao hii hufanya msumeno uwe butu haraka, hivyo fundi awe na tupa karibu. Kwenye mbao ngumu, atoboe tundu kwanza kabla ya kupiga msumari, isije ikapasuka.

Pili, mbao mbichi huota ukungu upesi. Zipange kivulini, juu ya ardhi, ukiweka vijiti kati yake ili upepo upite.

Tatu, usiichimbie ardhini bila dawa ya mbao. Mchwa na unyevu wataimaliza.

Nne, mnazi uliokufa upasuliwe mapema, na mabaki yasiachwe yakioza shambani. Chonga, yule mdudu anayetoboa kilele cha mnazi, hutaga mayai kwenye magogo yanayooza. Ukiyaacha, unamfugia adui wa minazi yako iliyo hai na ya jirani.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei, uliza mnunuzi anachukua sehemu gani. Akichukua kipande cha chini na kukuachia kilele, amechukua mbao.