TUKATEMBEE BUKINI

Madagaska ni kisiwa kikubwa katika Bahari ya Hindi. Wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Ukitaka kwenda kutembea huko, panga safari yako mapema.

Kwanza, chagua mwezi. Tangu Desemba hadi Machi mvua ni nyingi. Tufani huvuma na barabara huharibika. Nenda kati ya Mei na Oktoba. Chukua sweta, kwa sababu asubuhi milimani kuna baridi.

Pili, tafuta mwongoza watalii. Katika hifadhi za taifa huruhusiwi kuingia bila yeye. Katika msitu wa Andasibe yeye huijua sauti ya indri. Indri ni mnyama wa jamii ya komba. Mlio wake husikika mbali sana. Mnyama huyu hafugiki. Msitu wake ukikatwa wote, naye atakwisha.

Tatu, patana naye bei kabla ya kuingia msituni. Waongozaji wengi ni watu wa vijiji vya jirani. Fedha yako hulisha watoto wao. Basi msitu ukiwa mzima, nao wanakula. Ndiyo sababu wanautunza.