Nafasi za kazi Ujerumani: maabara, karakana na mtafutaji wa Nzega

Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru, mkoani Lindi, alipewa jina la kitaalamu Australodocus bohetii. Jina hilo linamuenzi Boheti bin Amrani, ambaye hakuwa profesa. Alisimamia vibarua na kuandaa mifupa katika uchimbaji wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913, uliopeleka Berlin zaidi ya tani 200 za visukuku. Sifa nyingi zilimwendea Werner Janensch, mkuu wa msafara. Boheti alisubiri karibu karne nzima.

Makumbusho yanayohifadhi mifupa hiyo leo yamo katika Jumuiya ya Leibniz, yenye taasisi za utafiti zaidi ya 90. Katika jumuiya nyingine za utafiti za Ujerumani, Max Planck ina taasisi zaidi ya 80, Fraunhofer zaidi ya 70, na Helmholtz ina vituo 18. Kijana wa Nzega aliyezoea Sekretarieti ya Ajira, inayotangaza nafasi za serikali mahali pamoja, itambidi abadili mazoea. Huko kila taasisi hutangaza kwenye tovuti yake, huchuja yenyewe na kusaini mkataba yenyewe. Barua moja iliyonakiliwa kwa taasisi hamsini hutambulika upesi, na huishia kapuni.

Wengi wanaotafuta ufadhili wa shahada ya uzamivu hawajui kwamba wanatafuta ajira. Katika taasisi hizo mtafiti wa uzamivu kwa kawaida hupewa mkataba wa muda, mshahara wa viwango vya utumishi wa umma, likizo na bima. Wapagazi wa Kinyamwezi walipatana posho kabla ya kujitwika mzigo. Mwombaji wa leo naye aulize mkataba ni wa miaka mingapi. Shule za utafiti za kimataifa za Max Planck hufundisha kwa Kiingereza, na baadhi hupokea hata wenye shahada ya kwanza.

Kazi za usaidizi ni ngumu zaidi kupata, jambo lisilosemwa vya kutosha. Fundi sanifu wa maabara, fundi karakana au mtunza wanyama hushindana na wenyeji waliosomea ufundi huo, na kwa kawaida hutakiwa kujua Kijerumani. Goethe-Institut ya Dar es Salaam hukifundisha.

Hata hivyo, Nzega haiendi mikono mitupu. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulihitaji watu wa kuchukua na kupima sampuli za miamba, ujuzi unaoeleweka katika kituo cha Helmholtz cha sayansi ya dunia huko Potsdam. Mwenye ujuzi huo aandike kwenye wasifu wake mashine alizotumia na vipimo alivyofanya. “Mchapakazi anayejituma” haimwambii mwajiri lolote.

Mlango wa karibu zaidi huenda ukawa Mbeya. Kituo cha taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, huko kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Munich tangu miaka ya 1990, na barua ya msimamizi wa mradi wa namna hiyo ina uzito kuliko vyeti vya semina kumi.

Kutuma maombi kwenye taasisi hizi hakulipiwi, hivyo dalali anayedai ada ya “kushika nafasi” akimbiwe. Tangu Juni 2024 ipo pia kadi iitwayo Chancenkarte: humruhusu mwenye sifa kukaa Ujerumani hadi mwaka mmoja akitafuta kazi, na kufanya kibarua cha hadi saa 20 kwa wiki, mradi athibitishe ana fedha za kujikimu. Kabla ya kulipia visa, jina la chuo alikosoma mwombaji litafutwe kwenye hifadhidata ya anabin, ambamo Ujerumani huonyesha iwapo inakitambua chuo cha nje au la.