Saturn: kampuni iliyopendwa kuliko gari lake

Mwezi Juni mwaka 1994 watu wapatao 44,000 waliitumia likizo yao kwenda kutazama kiwanda. Walitoka sehemu mbalimbali za Marekani, wengi wakiendesha wenyewe na watoto wakiwa kiti cha nyuma, hadi Spring Hill, mji mdogo wa jimbo la Tennessee ulio kusini mwa Nashville. Walitaka kuona magari yao yalikoundwa na kuwashika mikono mafundi walioyaunda. Kama gari lenyewe lingekuwa Ferrari tungeelewa. Lakini lilikuwa Saturn, gari dogo la silinda nne, la bei nafuu, lenye injini ya kelele. Sifahamu gari jingine la daraja lile lililowahi kuvuta umati wa namna hiyo, na miaka kumi na sita baada ya sherehe hizo chapa hiyo ilikuwa imezikwa.

Wengi Afrika Mashariki hawajawahi kuiona Saturn barabarani. Magari yetu ni ya Japani, nayo Saturn ilijaribu kwenda kinyume na mkondo huo: mwaka 1997 iliingia Japani na magari yenye usukani upande wa kulia, ikauza machache, na kufikia mwaka 2001 ikafungasha. Habari zake ni za Marekani hasa, na zinaanza na hofu ya Japani.

Misukosuko ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979 iliwafundisha Wamarekani kupenda magari madogo, na Toyota, Honda na Datsun walikuwa nayo tayari. General Motors (GM), iliyokuwa kubwa kuliko kampuni zote za magari duniani, ilikuwa ikiunda magari madogo kwa shingo upande, na wateja waliligundua hilo. Mwenyekiti wake, Roger Smith, alifikia uamuzi uliowashangaza hata walio ndani ya kampuni. Badala ya kuikarabati chapa ya GM kama Chevrolet au Pontiac, ataanzisha kampuni mpya kabisa, yenye kiwanda chake, wauzaji wake na mkataba wake wa kazi. Jina lililochaguliwa ni la roketi iliyowapeleka Wamarekani mwezini, na tarehe 7 Januari 1985 Saturn Corporation ilisajiliwa.

Kabla ya hapo, mwaka 1984, GM na chama cha wafanyakazi cha UAW walikuwa wameunda kundi la watu 99, mameneja na mafundi wa kiwandani pamoja, likaenda kutazama jinsi kampuni nyingine zinavyofanya kazi. Walichokuja nacho kilikuwa kigeni kwa Detroit, mji wa viwanda vya magari, ambako mwajiri na chama walizoea kutazamana kama majeshi mawili. Mkataba wa Saturn ulitosha kwenye kurasa 28 tu, wakati mikataba ya kawaida ya GM ilikuwa vitabu. Wafanyakazi waligawanywa katika timu ndogo zilizojichagulia wenzao wapya na kusimamia bajeti zao. Sehemu ya mshahara ilitegemea mafunzo na ubora wa kazi. Kiwandani gari lilipanda juu ya jukwaa la mbao linalotembea, na fundi alisimama juu ya jukwaa hilo hilo akafanya kazi yake bila kulikimbiza.

Watu hao waliichukulia kazi hiyo kwa uzito. Mwaka 1991, makao makuu yalipoanza kusukuma idadi iongezwe upesi, wafanyakazi walimpokea mwenyekiti mpya wa GM, Robert Stempel, wakiwa wamefunga vitambaa mikononi kama ishara ya kupinga. Malalamiko yao hayakuwa ya mshahara. Walisema kasi hiyo itazaa magari mabovu. Nimesoma habari nyingi za migomo ya viwandani, na ni nadra kukuta mfanyakazi akimgomea bosi kwa kumtetea mnunuzi.

Gari la kwanza lilitoka kiwandani tarehe 30 Julai 1990, usukani ukiwa mikononi mwa Roger Smith, muda mfupi tu kabla hajastaafu. Kiufundi lilikuwa na mambo mawili ya kuzungumzia.

La kwanza ni bodi. Chini yake kulikuwa na fremu ya chuma iliyobeba uzito wote, kama mifupa. Juu ya fremu hiyo, milango, mabawa na bampa vilivikwa paneli za plastiki ngumu zilizofungwa kwa skrubu na boliti. Boneti, paa na mfuniko wa buti vilibaki vya chuma. Plastiki hiyo haikushika kutu, na ikigongwa na toroli la dukani ilibonyea kisha ikarudi. Wauzaji waliupiga mlango teke mbele ya mteja kuthibitisha. Ubaya wake ni kwamba plastiki hutanuka kwenye joto kuliko chuma, kwa hiyo wabunifu walilazimika kuacha nafasi pana baina ya paneli. Waliozoea Honda walizitazama nafasi hizo wakadhani gari limeunganishwa vibaya.

La pili ni injini ya lita 1.9, iliyoundwa kwa ajili ya Saturn peke yake. Bloku na silinda hedi zilikuwa za aluminiamu, zikitolewa kwa namna ambayo viwanda vingi havikuithubutu kwa wingi ule: kielelezo cha injini kinaundwa kwa povu jeupe la plastiki, kinafukiwa mchangani, kisha aluminiamu iliyoyeyuka inamiminwa juu yake. Povu linageuka moshi na aluminiamu inakaa mahali pake. Injini ilikuwa nyepesi na ya uchumi, na kwenye barabara kuu baadhi ya magari hayo yalifika kilomita 17 kwa lita moja. Lakini ilitetemeka na kunguruma kiasi kwamba hata waandishi walioipenda hawakuweza kuinyamazia.

Gari la wastani, basi. Kilichowashika watu kilikuwa mahali lilipouzwa.

Ajabu ya Marekani ni kwamba mtu anayenunua kila kitu kwa bei iliyobandikwa, kuanzia mkate hadi friji, akifika kwenye gari anatakiwa apatane bei, na kazi hiyo haijui. Muuzaji anaijua. Anaondoka "kumuuliza meneja", anarudi na sura ya huzuni, anaongeza gharama ya hiki na kile, na baada ya saa tatu mteja anasaini ili aende nyumbani. Aliyezaliwa Kariakoo au Marikiti angecheka, kwa kuwa sisi tunapatana bei tangu utotoni. Mmarekani aliona ameibiwa, na wanawake hasa walilalamikia kutendewa vibaya. Saturn ilifuta mchezo huo wote. Bei ilikuwa moja, imeandikwa, haishuki wala haipandi. Wauzaji walipewa maeneo mapana ili wa jirani wasiumizane kwa punguzo. Mteja aliyebadili mawazo ndani ya siku 30 au maili 1,500 aliruhusiwa kulirudisha gari. Na siku ya kulichukua, wafanyakazi wote wa duka waliacha kazi wakamzunguka, wakapiga makofi na kumpiga picha. Kuna waliokereka na sherehe hiyo. Wengi waliiweka picha ukutani.

Ahadi hizo zilipimwa mapema. Mwaka 1991 iligundulika kwamba magari 1,836 yalikuwa yametiwa kulanti mbovu, yenye kemikali iliyokula sehemu za aluminiamu ndani ya injini. Kwa kawaida kampuni ingesafisha rejeta, ingebadilisha vifaa kadhaa na kuomba radhi. Saturn iliwapa wenye magari hayo magari mengine. Kwa kampuni iliyokuwa bado haijaona faida, uamuzi huo ulikuwa ghali, lakini nadhani hakuna tangazo ambalo lingenunua jina zuri kama lile. Mwaka 1993 Saturn iliona faida kwa mara ya kwanza, na mwaka 1994, mwaka wa ile sherehe ya Spring Hill, iliuza magari karibu 286,000. Haikuwahi kufika hapo tena.

Walioendesha Saturn kwa miaka mingi wana habari za aina mbili. Habari za furaha ni za gari lililopita kilomita laki tatu kwa matengenezo ya kawaida, lenye cheni ya injini badala ya mkanda wa kubadilishwa kila mara, na chujio la giaboksi la otomatiki lililofungwa kwa nje kama chujio la oili, kiasi kwamba mtu alilibadilisha mwenyewe uani kwake. Mlango ukivunjika, alikwenda kwenye yadi ya magari mabovu akatafuta paneli ya rangi ile ile, akaifunga bila kunyoosha bodi wala kupaka rangi.

Habari za aina ya pili karibu zote zinaanza na oili. Kwenye kila pistoni kuna ringi ya chini inayokwangua oili ukutani mwa silinda, na oili hiyo inapaswa kurudi chini kupitia matundu madogo yaliyotobolewa kwenye mfuo wa ringi. Pistoni za injini nyingi za Saturn za miaka ya tisini hazikuwa na matundu hayo. Oili ilibaki kwenye mfuo, ikaungua, ikawa kaboni, na kaboni ikaigandisha ringi. Tangu hapo oili ilipanda juu na kuchomwa pamoja na petroli. Mara nyingi hata moshi haukuonekana, na mwenye gari asiyefungua boneti alijua siku taa ya oili ilipowaka. Kwa injini hii hilo lilikuwa hatari maradufu, maana cheni yake inalainishwa na kukazwa na oili ile ile. Wazoefu walijifunza kupima oili kila wanapojaza mafuta. Wengine walimimina dawa ya kuyeyusha kaboni kupitia matundu ya plagi na kuiacha ilale usiku kucha, na waliokarabati injini walitoboa wenyewe matundu ambayo kiwanda hakikuyatoboa.

Kasoro kama hizo hurekebishwa kwenye toleo jipya la gari. Hapo ndipo GM ilipokwama. Chevrolet, Oldsmobile na wenzao walikuwa wameona dola zinazokadiriwa kufika bilioni 5 zikienda Tennessee, nao walitaka zamu yao. Honda ilitoa kizazi kipya cha Civic kwa mwaka wa 1992, kingine 1996, kingine 2001. Saturn iliuza gari lile lile tangu 1991 hadi 2002, likibadilishwa sura huku mifupa na injini vikibaki. Mteja aliyeoa na kupata watoto alirudi kwenye duka alilolipenda akitaka gari kubwa, akaambiwa halipo. Lilipokuja mwaka 1999, gari la L-Series, lilikuwa Opel ya Ulaya iliyobadilishwa na kuundwa Wilmington, Delaware, mbali na Spring Hill na mkataba wake.

Katikati ya ukame huo wa magari mapya GM iliwakabidhi wauzaji wa Saturn kitu cha ajabu: EV1, gari la umeme la mwaka 1996, lililokodishwa tu California na Arizona bila kuuzwa. Yaliundwa 1,117. Waliokodi waliomba kuyanunua, GM ikakataa, ikayakusanya na kuyasaga karibu yote. Wateja wale wale waliozoea kusikilizwa walijikuta wanalilia gari lililofungwa kwenye uzio.

Ion, iliyochukua nafasi ya gari la awali mwaka 2003, ilileta msiba wa kweli. Swichi yake ya ufunguo ilikuwa na springi dhaifu. Ufunguo wenye kishada kizito, au tairi likipita kwenye shimo, ulitosha kuirudisha swichi nyuma: injini inazima, usukani unakuwa mzito, mifuko ya hewa haifunguki. GM haikuyaita magari hayo hadi mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulikubali vifo 124 katika Ion na magari mengine ya GM yenye swichi hiyo. Kampuni iliyobadilisha magari kwa sababu ya kulanti ilikuwa haipo tena, ingawa jina lilikuwa bado kwenye boneti.

Mkataba wa pekee ulikwisha kufutwa. Mwaka 2007 Spring Hill iliacha kuunda Saturn. Cha kusikitisha, magari ya mwisho yalikuwa mazuri: Aura ilishinda tuzo ya gari la mwaka la Amerika Kaskazini mwaka 2007, lakini bodi yake ilikuwa ya chuma na undani wake ulikuwa wa GM nyingine yoyote. GM ilipofilisika tarehe 1 Juni 2009, mfanyabiashara Roger Penske alijitokeza kuinunua Saturn, kwa mpango wa kuendeleza maduka huku magari yakiundwa na wengine. Alikuwa ameelewa vizuri thamani ilikuwa wapi. Lakini kampuni aliyotegemea imletee magari baadaye ilikataa, na tarehe 30 Septemba mwaka huo Penske alijiondoa.

Kufikia mwishoni mwa mwaka 2010 maduka yote yalikuwa yamefungwa. Dhamana za magari yaliyobaki zilihamishiwa kwa wauzaji wengine wa GM, na huko mwenye Saturn aliyetaka gari jipya alikaribishwa kiti, akaulizwa anaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, kisha muuzaji akainuka kwenda kumuuliza meneja.